Folda ya Zulfa

Neno la siri la kusakinisha programu kwenye kompyuta za shirika letu hapa Songea nilikuwa nalo mimi peke yangu, na nilikuwa naringa nalo. Zulfa wa takwimu aliponiomba nimsakinishie maktaba za programu, yaani vile vipande vya maelekezo ya kompyuta vilivyokwisha kuandikwa na wengine, nilimjibu aandike barua, ipite kwa mkuu.

"Kaka Urbani, wagonjwa wa kifua kikuu wanaacha dawa na hatujui ni akina nani. Barua itakaa mwezi."

"Utaratibu ni utaratibu, dada."

Hakubishana. Alizisakinisha ndani ya folda yake mwenyewe, mahali pasipohitaji ruhusa yangu. Tangu hapo kila Jumatatu programu aliyoiandika kwenye kompyuta ya pamoja ilichapa orodha ya walioruka dawa, na Jumanne nesi Hilda alipanda bodaboda kuwafuata. Mzee Chande, fundi baiskeli wa Mfaranyaki, alirudishwa kwenye dozi mara mbili namna hiyo. Mimi niliona nimedharauliwa, nikanuna.

Mkataba wake ulipoisha, Zulfa alikuja kuniaga. "Kaka, usiifute folda yangu kabla hujazihamisha zile maktaba. Programu inazitegemea."

Nikamwambia sawa. Kwetu mtu akiondoka, akaunti yake inafutwa siku hiyohiyo na kila kilichomo. Nikaifuta bila kuhamisha kitu, tena kwa raha.

Jumatatu iliyofuata karatasi ya orodha ilitoka na kichwa chake tu, chini tupu. Hilda akashangilia.

"Hakuna aliyeruka! Mungu mkubwa."

Ya pili ikatoka hivyohivyo, na ya tatu. Nilihisi ni ile folda niliyoifuta, ila kuuliza kungekuwa kukiri, nikanyamaza. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa njiani.

Wiki ya tisa tuliitwa msibani Mfaranyaki. Mzee Chande alikuwa amezikwa jana yake. Mjane, Bi Zena, alikuwa mkekani.

"Shikamoo mama. Pole sana," Hilda alisema.

"Marahaba mwanangu. Zile dawa zilikuwa zinamtapisha, akaziacha. Nikamwambia twende hospitali, akakataa. Anasema, ngoja nesi aje, yule akija naona aibu, nameza. Kila Jumanne alikuwa anavaa shati safi, anakaa pale mlangoni."

Hilda akanigeukia. "Urbani, si karatasi ilikuwa tupu?"

Watu wote mkekani walikuwa wananitazama, na mimi nilikuwa naangalia mlango.