Somo la Saa Moja Jioni

Saa yenyewe haikuwa ya kumtamanisha mtu. Ilikuwa nyeusi, ya plastiki, ile ya tarakimu isiyo na mishale, na mkanda wake ulikuwa mrefu hata Wegesa akalazimika kuutoboa tundu jingine kwa msumari uliopashwa moto. Aliyempa alikuwa Dolphine, muuguzi wa hospitali moja ya misheni huko Homa Bay. Kazi ya Dolphine ilikuwa kukaa na watu ambao mwili wao hauna jeraha lakini usingizi umewakimbia. Kila mwezi Wegesa alisafiri kutoka Migori kwenda kumwona, wakazungumza wawili tu, na kati ya safari na safari alipewa kazi ya nyumbani kama mtoto wa shule. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya saa.

"Nimeitega ilie saa moja jioni," Dolphine alimwambia walipoanza. "Ikilia, popote ulipo, keti. Nyayo zote mbili chini. Mkono hapa, chini ya mbavu. Vuta pumzi polepole, toa polepole. Halafu useme uko wapi. Si moyoni, mama. Kwa sauti, masikio yako yasikie."

Saa moja jioni haikuchaguliwa ovyo. Ndiyo saa wezi wa mifugo walipoingia nyumbani kwake, kule vilimani karibu na mpaka, ng'ombe wakiwa ndiyo kwanza wanaingia zizini. Mumewe, Maroa, alikatwa mapanga akiwa bado ameshika gogo la kufungia lango. Wegesa aliona yote akiwa mlangoni. Tangu hapo jua likianza kushuka tu, moyo ulikwenda mbio, mikono ikatetemeka hata sufuria ikamshinda, na usiku kucha alikodoa macho akisikiliza nyayo. Hiyo ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Kaka yake, Mniko, fundi wa baiskeli mjini Migori, alikwenda kumchukua akamweka kwake, kwenye vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko.

Maneno ya somo waliyatunga pamoja, yeye na Dolphine, wakayapunguza mpaka yakabaki yale ambayo Wegesa angeweza kuyasema bila kujidanganya: "Niko Migori, kwa kaka yangu. Mlango umefungwa. Wale watu hawako hapa."

Basi ikawa hivyo. Saa ikilia, Wegesa anaacha alichokishika, anakaa juu ya debe lililogeuzwa, anapumua, anasema. Mwanzoni alisema kwa aibu, akiwa ameelekea ukuta. Lakini nyumba ya kupanga haina siri, na ukuta wa mabati hauna adabu. Haikupita muda watoto wa Mniko wakawa wanakaa naye sakafuni, mkono chini ya mbavu, wakiimba pamoja naye kama wako shule ya Jumamosi kanisani: "Niko Migori, kwa kaka yangu!" Yule mdogo kabisa alikuwa akisema "kwa baba yangu," kisha anaangalia huku na huku aone kama amekosea. Hadiya, jirani wa chumba cha pili, aliyeuza chapati, alijua kwamba shangazi akishasema mlango umefungwa, ni wakati wa kuwasha jiko lake.

Walimcheka, ndiyo, lakini kwa kumpenda, na sijui dawa gani ingemfaa kuliko ile. Mikono ilitulia. Akaanza kulala, kwanza kidogo, kisha mpaka asubuhi. Akaanza kutoka, akapata kibarua cha kuuza ndizi sokoni, na siku moja mteja alipomwambia ndizi zake zimenyooka kama askari gwaride, Wegesa alicheka. Alicheka mpaka akajishtukia. Alikuwa amesahau sauti hiyo iko kifuani mwake.

Laiti asingecheka sokoni.

Matiko, mdogo wa marehemu Maroa, alikuja Jumapili moja, viatu vimejaa vumbi jekundu la kwao. Alikunywa chai, akaulizia watoto, akasifu kazi ya Mniko, na alipomaliza kuzunguka mbuyu akasema lililomleta.

"Watu wetu wamemwona shemeji hapo soko. Anacheka, anauza, ako sawa kabisa. Sisi tumefurahi. Sasa arudi nyumbani. Nyumba ya Maroa inaoza, na mama yetu amebaki peke yake pale."

"Wale wezi wameshikwa?" Wegesa aliuliza.

"Shemeji, mambo ya serikali ni ya serikali."

"Lango limetengenezwa?"

Matiko aliangalia kikombe chake. "Litatengenezwa."

Mniko hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Wegesa zaidi. Alisugua mikono yake yenye grisi, akamtazama dada yake kwa furaha ya kweli, akasema, "Mungu amekuponya, Wegesa. Hata mimi nimeona." Mkewe, Bathsheba, alimvuta yule mdogo akampakata. Alikuwa na sababu. Ng'ombe waliotolewa kumwoa Wegesa ndio hao hao Mniko aliowatoa kumwoa yeye Bathsheba, kama desturi ya Wakuria ilivyo. Wegesa akigoma kurudi kwa mumewe, aliye hai au aliye kaburini, watu wa kina Matiko wangeweza kuja kudai ng'ombe wao, na ng'ombe hao walishageuka kuwa Bathsheba na watoto wanne. Wakakubaliana aondoke baada ya mavuno.

Siku ile jioni saa ililia. Watoto wakakimbia kukaa sakafuni. Wegesa aliketi juu ya debe lake, akaweka mkono chini ya mbavu, na hapo ndipo wazo lilipomjia, wazi kabisa, kana kwamba mtu amemnong'oneza. Kilichokuwa kinamrudisha kule ni kupona kwake. Angebaki mgonjwa, nani angemrudisha?

Hakusema maneno. Aliinuka, akaangusha sufuria ya maziwa kwa makusudi, akapiga yowe. Watoto waliruka kama kuku. Mniko alikuja mbio na spana mkononi, akamkuta dada yake amejikunja pembeni anatetemeka, akashika kichwa. Mavuno yalipofika, hakuna aliyetaja safari.

Kumbe kutetemeka kwa uongo ni kazi ngumu. Mtu hatetemeki hivi hivi tu, na Mniko hakuwa mjinga. Ili mikono itikisike sawasawa, ili yowe litoke na uzito wake, ilimbidi Wegesa ajirudishe mwenyewe pale mlangoni. Kila saa ilipolia, badala ya kusema yuko Migori alifumba macho akamtazama Maroa ameshika gogo. Aliwasikia ng'ombe. Aliona tochi. Halafu anapiga kelele, watu wanakuja, na wakishamtuliza anajifuta uso, anajua amepata siku chache nyingine. Sokoni akaacha kwenda, maana mgonjwa hauzi ndizi. Watoto wakaacha kukaa naye. Yule mdogo akianza tu kuisikia ile saa alikwenda kujificha kwa Hadiya.

Aliendelea hivyo mpaka jioni moja alipofumba macho, akayaona yote, akafumbua, na yakabaki palepale. Mikono iliendelea kutetemeka baada ya watu kuondoka. Ilitetemeka wakati wa kula na wakati wa kulala. Kesho yake alitishika, akalirudia somo kwa haki kabisa, nyayo chini, mkono chini ya mbavu: niko Migori, kwa kaka yangu. Hakuna kilichotulia. Akarudia tena na tena, sauti ikipanda, mpaka Bathsheba akaja mlangoni akamwambia, "Wifi, tafadhali. Watoto wanalala."

Safari ya Homa Bay ilipofika, alimweleza Dolphine kila kitu, bila kujitetea. Dolphine alisikiliza, uso umemshuka.

"Mama Wegesa. Ulikuwa umefika mbali."

"Nilifika mbali, ndiyo. Halafu nikaona barabara inaenda wapi."

"Tutaanza upya. Pole pole. Nitamwandikia kaka yako barua, nimweleze..."

"Atakuandikia jibu ambalo hata yeye halitaki. Sister, niulize kitu kimoja?"

"Uliza."

"Nikirudi kule, saa ikilia, niseme nini? Nikiwa ndani ya nyumba ileile. Nisemeje?"

Dolphine alifungua mdomo. Alikuwa mwanamke mwenye maneno mengi mazuri, na aliyapata kwa kusoma na kwa kuwapenda watu. Aliangalia dirishani, ambako ziwa lilikuwa linang'aa bila kumjali mtu.

"Sijui," alisema mwishoni. "Hili somo ni la mtu ambaye hatari imepita. Yako sijui kama imepita."

Wegesa alimheshimu kwa jibu hilo. Alimshukuru, akamshika mkono, akatoka. Njia nzima mpaka Migori alilia bila kujificha, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza.

Mniko ndiye aliyekata shauri, na alilikata kwa uchovu. Wapangaji walikuwa wamelalamika, mwenye nyumba amemwita, watoto hawalali. Alikaa mbele ya dada yake akiwa ameinamisha kichwa.

"Nilikuweka hapa upone," alisema. "Sasa hauponi. Kama ni kuugua, dada yangu, heri uugue nyumbani kwako. Hapa unaniulia watoto."

Hapo ndipo Wegesa alipoelewa kwamba mlango ulikuwa mmoja tu tangu mwanzo. Akipona anarudishwa kwa sababu amepona. Akiugua anarudishwa kwa sababu anaugua. Alitaka kumcheka Mniko, akajicheka mwenyewe, na alichopata kutoa hakikuwa kicheko. Bathsheba alimfungia nguo zake, akamtilia na chumvi na sabuni, akamkumbatia kwa nguvu ambayo Wegesa hakuitarajia. "Nisamehe, wifi," alimwambia sikioni. Wegesa alimsamehe. Angefanya nini?

Nyumba ya Maroa ilikuwa kama alivyoiacha, ila nyasi za paa zimelegea. Lango halikutengenezwa. Lilikuwa limezibwa kwa miiba, na mlangoni alama za panga zilikuwa bado nyeupe kwenye mbao. Matiko alimshushia mzigo, akasema atakuja kesho, akaenda kwake ng'ambo ya kijito. Akabaki na mama mkwe wake, kizee kilichokonda, ambacho kilimpokea kwa kumpapasa uso kwa vidole vyote kumi.

"Umerudi," mama alisema. "Niliwaambia wakuache huko."

Walichemsha uji. Jua lilishuka, na Wegesa alisikia moyo unaanza mbio zake za zamani. Walikuwa bado wamekaa mekoni saa ilipolia.

Aliketi. Nyayo zote mbili chini, juu ya udongo uleule. Mkono chini ya mbavu. Akavuta pumzi, akatoa. Akafungua mdomo aseme yuko wapi, na hakuna neno lililokuja, kwa sababu alijua vizuri mno yuko wapi.

"Nini hiyo inalia?" mama mkwe aliuliza.

"Ni saa, mama."

"Inasema nini?"

"Inasema imefika saa moja."

Mama aliinuka kwa shida akishika ukuta. Alichukua kata ya maji, akaimwaga juu ya moto, na chumba kikajaa moshi na giza. Kisha akamshika Wegesa mkono, akamvuta taratibu mpaka nyuma ya vihenge vya mtama, mahali palipokuwa pamelainika kwa kukaliwa.

"Mimi nilikuwa nakisia kwa jua," alimnong'oneza. "Siku za mawingu nilikuwa nachelewa kujificha. Hiyo saa yako ni nzuri. Usiivue."

Wakakaa wawili, magoti yamegusana, wakasikiliza.