Mvuke wa Mama Pasi

"Wanasema unapiga pasi kwa atomiki, mama."

Kijana wake alikuwa amesimama mlangoni mwa kiwanda cha kufulia, mbali na mashine, utadhani mgeni. Mama Pasi alishusha kifuniko cha mashine ya pasi juu ya shuka, mvuke ukafoka pembeni. Zamani boila la makaa lilimjaza moshi kifuani, akawa anakohoa hadi wateja wanamwonea huruma. Kisha kikajengwa kinu cha nyuklia chenye joto kali, kinachowasha taa za mji mzima, na joto lake la ziada likaletwa kiwandani kwa bomba la mvuke. Kikohozi kikaenda zake.

"Wakwe wanakuja mchana," kijana akaendelea. "Wamesema hawamwozi binti yao kwenye nyumba yenye mikono iliyoshika mionzi. Waambie umeacha kazi. Tafadhali."

"Niwadanganye?"

"Au uache kweli."

Ilimuuma. Mikono hiyohiyo ndiyo iliyomlisha mwanawe na kumlipia ada. Alitamani amzabe kofi, na papo hapo alitamani amkumbatie. Alikunja shuka lile kona kwa kona, akaenda nyumbani kuoga.

Wakwe walikaa sebuleni chini ya feni. Mama wa binti hakugusa chai. Alikuwa na ile sauti ya upole inayouma kuliko matusi.

"Dada yangu, hatuna ugomvi na wewe. Tatizo ni hiyo kazi. Mambo ya nyuklia sisi tunayaogopa. Iache, tuyamalize."

Kijana aliinamisha kichwa. Mama Pasi akainuka, akachomoa waya wa birika. Akazima feni. Akazima na jokofu, likatetemeka, likanyamaza.

"Mama!" kijana akang'aka.

"Tulia. Nawatoa hofu wageni wangu." Akawageukia. "Umeme huu unatoka kwenye kinu kilekile. Mvuke wangu ni maji yaliyochemshwa kwa joto lake tu, moto wenyewe hayaugusi. Kama mikono yangu ni michafu, basi na feni iliyowapepea chafu, na simu mlizochaji asubuhi chafu." Hakuishusha sauti. "Kazi siachi. Mwanangu naye simkani. Kama hamumtaki kwa ajili yangu, mlango ule pale."

Chumba kikaanza kupata joto. Baba wa binti alifungua kifungo cha shati. Nzi alitua ukingoni mwa kikombe, asipatikane wa kumfukuza. Mama Pasi alisimama kando ya swichi, mikono kifuani, akiwatazama mmoja mmoja, mwanawe akiwemo.

Mama wa binti alinyanyuka polepole, akijishika kiuno. Akampita mumewe, akampita kijana, akafika ukutani. Mama Pasi hakusogea hata kidogo. Wakasimama hivyo, bega kwa bega, wote wawili wakitokwa jasho, kidole cha mgeni kikiwa juu ya swichi ya feni.