Kilichopunguzwa Kiliwekwa Stoo

Usiku wa kuamkia leo niliota mashine ya mazoezi ya baiskeli imekaa kwenye sofa letu, imekunja nne, inasubiri nimalize kusoma tangazo lake.

Sikushangaa. Nilikuwa nimeitazama kwenye simu kwa siku tisa mfululizo. Ni mashine ya kisasa. Unatoa gurudumu la nyuma, unaifunga baiskeli juu yake, unaiunganisha na simu, nayo inakutengenezea milima ukiwa sebuleni. Ilikuwa na punguzo la asilimia arobaini hadi Jumamosi saa sita mchana. Nililala Ijumaa bila kuamua.

Sababu ya kutoamua ni hii. Mimi ni mpima ardhi mjini Mbeya. Hadi Machi mwaka huu nilikuwa napanda barabara ya Chunya kila Jumamosi na wenzangu watatu, mmoja wao Mwalimu Ambakisye, kiongozi wetu. Kikundi chetu kina sheria moja tu: kila mtu apande kwa mwendo wake, lakini kileleni tunasubiriana hadi wa mwisho afike. Wa mwisho ni mimi. Jumamosi moja kioo cha lori kilinigonga begani, mfupa wa mtulinga ukavunjika. Mfupa ulipona Mei. Barabarani sijarudi, na sasa ni Oktoba. Mume wangu, Anyelwisye, anataka tuinunue mashine. "Utaendesha hapahapa nikikuona," aliniambia. Nami najua kwamba nikiinunua, barabara nimeiaga.

Katika ndoto, mashine ilinipa shikamoo, kwa kuwa ilitengenezwa mwaka huu.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Nimekwisha kupunguzwa asilimia arobaini, kama tangazo linavyosema."

"Nimeona. Bei ni nzuri."

"Bei?" Iliniangalia kwa huruma. "Bei haijaguswa, mama. Kilichopunguzwa ni safari."

Ikafungua karatasi na kunisomea. Upepo umeondolewa. Mvua imeondolewa. Mashimo yote, mbwa wawili wa kona ya kwanza na malori.

"Malori yote?"

"Yote. Hata pikapu."

Nilifurahi. Nikauliza hizo asilimia arobaini zimepelekwa wapi.

"Ziko stoo kwako. Utaratibu wa kampuni ni kwamba kilichopunguzwa hubaki kwa mteja."

Niliona ni utaratibu wa haki. Nikaifunga baiskeli yangu juu yake, nikapanda, nikakanyaga. Mashine haikuwaka.

"Siwezi kuanza," ilisema. "Kelele zangu ziko chini ya mazungumzo ya kawaida. Imeandikwa kwenye boksi. Sasa hapa hakuna mazungumzo. Nitakuwa chini ya nini?"

Nikamwita Anyelwisye. Alikuja na taulo begani, povu la sabuni shavuni.

"Unatakiwa uzungumze," nilimwambia.

"Kuhusu nini?"

"Mambo ya kawaida tu, baba," mashine ilimjibu.

Anyelwisye ni mtu mtiifu. Alikaa kwenye stuli, akakohoa kidogo, akaanza.

"Gata la maji ya mvua upande wa mashariki linavuja. Mbuzi wa Mama Sekela wamekula tena kabichi. Gesi itaisha wiki hii. Nilinunua balbu, ikaungua siku hiyohiyo, na risiti siioni."

Ninakanyaga. Mashine inanguruma polepole, chini kidogo ya sauti yake. Sakafu inainuka upande wa jikoni. Makochi yanateleza taratibu kuelekea ukuta wa nyuma. Nakadiria mwinuko kwa macho: asilimia kumi na moja. Kazi safi. Hakuna upepo. Hakuna mtu.

"Jirani anajenga ukuta. Sukari ipo. Chumvi ipo," Anyelwisye anasema. Mambo ya kawaida yamemwishia.

"Endelea, baba," mashine inamhimiza.

"Siku ile ya lori nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua," alisema. "Hakutaja jina lako. Aliniuliza kama mke wangu ana viatu vyekundu."

Mashine ikasimama.

"Hayo si mazungumzo ya kawaida," ilisema.

"Nilimjibu kwamba sina mke. Nilitaka awe amekosea namba."

Mashine ilizima taa zake zote. Sakafu ilibaki imeinuka vilevile. Mume wangu alijifuta povu shavuni na kutazama taulo. Katika miezi saba hakuwahi kunieleza habari za simu ile.

Nikashuka na kwenda kukiangalia kilichopunguzwa. Baiskeli ilinifuata kwenye korido kama mbuzi aliyezoea watu.

Stoo yetu ni chumba cha mkaa na viazi. Nilipofungua mlango niliikuta barabara ya Chunya yote, kuanzia kona ya kwanza hadi kileleni. Upepo ulikuwa umetundikwa kwenye msumari, na mvua ilikuwa ndani ya dumu. Mashimo yalikuwa yamepangwa juu ya rafu kama sahani. Katikati ya barabara lori lilikuwa limekaa juu ya ndoo, likimenya viazi kwa waipa.

"Karibu, dada," lilisema. "Samahani, sitanyanyuka."

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Siku ile sikukuona."

"Najua."

"Kioo kilikuona. Hakikusema."

Kioo cha kushoto kilitazama chini.

Nikasikia sauti ikiniita kwa jina kutoka juu, mbali kidogo, nyuma ya magunia.

"Tusajigwe! Unakuja, au unachora ramani?"

Alikuwa Mwalimu Ambakisye. Alisimama kileleni na baiskeli yake, kofia imeota ukoka. Kando yake walikuwa Subilaga, ambaye ni nesi, na Gwakisa, fundi viatu. Mbayuwayu alikuwa ameatamia mayai kwenye kofia ya Gwakisa, na Gwakisa alikuwa hageuzi shingo.

"Bado mpo?" niliuliza.

"Twende wapi?" Mwalimu alijibu. "Wa mwisho hajafika."

"Tangu Machi?"

"Wanafunzi wangu wamefanya mtihani bila mimi," alisema. "Wamefaulu wote. Sitaki kulizungumzia."

"Mimi kwa mujibu wa ratiba bado niko zamu ya Machi," Subilaga alisema. "Wagonjwa wamekwisha kupona wenyewe. Panda basi, shoga. Miguu inaniwaka."

"Na usipige kelele," Gwakisa aliongeza. "Makinda wamekaribia kutotolewa."

Nililiambia lori kwamba wale watu hawakutajwa kwenye karatasi ya mashine.

"Huwa hawatajwi," lilisema. "Ukinipunguza mimi, wanapunguzwa na wao. Tumefungwa pamoja. Hata mimi nimewaomba washuke, hawasikii."

Kutoka sebuleni mashine iliita. "Mama! Zimebaki dakika mbili. Unanunua?"

"Naweza kuchukua hiki kilicho stoo bila wewe?"

"Kilicho stoo hakiuzwi."

"Kwa nini?"

"Hakuna aliyewahi kukiulizia bei."

Kisha nikamsikia Anyelwisye akiiuliza mashine kwa sauti ya chini. "Akipanda, atarudi?"

"Hilo halimo kwenye waranti, baba."

Niliushika usukani lakini sikupanda. Viganja vyangu vilikuwa vimelowa, jambo ambalo lilinishangaza, kwa sababu mvua yote ilikuwa kwenye dumu, na dumu lilikuwa limefungwa.

Mwishowe mume wangu alikohoa.

"Gata la upande wa mashariki linavuja," alisema, kwa nguvu, ili nisikie hadi stoo. "Mbuzi wa Mama Sekela wamekula tena kabichi."

Mashine ilimwambia kwamba haikuwa imewaka, hivyo hakukuwa na haja. Aliendelea. "Gesi itaisha wiki hii."

Nikapanda baiskeli.

"Nipite upande wa kulia, dada," lori lilisema. "Nitabana kushoto. Nitakuachia mita moja na nusu."

Nilitoa tepu na kupima. Ilikuwa mita moja na sentimita arobaini na nane. Nikaliambia. Lilisogea sentimita mbili, ndoo na yote.

Ninapita. Kioo kinaniangalia, na safari hii kinasema, "Lori, kuna mtu." Upepo unashuka kwenye msumari na kunipiga usoni. Mashimo yanaruka kutoka kwenye rafu, kila moja linarudi mahali pake barabarani. Kona ya pili nanyanyuka kwenye siti, nakanyaga nikiwa nimesimama, baiskeli inayumba huku na huku. Nyuma yangu, mbali, mtu anataja balbu iliyoungua.

Nafika.

Mwalimu Ambakisye anatazama saa yake. "Umechelewa kidogo," anasema. Anatuhesabu kwa kidole, mmoja, wawili, watatu, na yeye wa nne. "Tumetimia."

Wote wanageuza baiskeli na kuteremka, Gwakisa taratibu kuliko wengine. Hakuna anayeaga. Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, na baridi ya Mbeya ilikuwa kamili. Anyelwisye alikuwa ameketi pembeni ya kitanda. Alikuwa ameinua ncha ya blanketi na alikuwa akiutazama mguu wangu kwa tochi ya simu.

"Hii nini?" aliuliza.

Kwenye shavu la mguu wa kulia kulikuwa na alama nyeusi, meno matano yaliyojipanga sawasawa. Kila mwendesha baiskeli anaijua. Huipata mtu anaposimama na mguu ukagusa mnyororo. Alilowesha kidole mate, akasugua. Haikutoka.

"Mafuta ya mnyororo," nilisema.

"Haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?"

Baiskeli yangu imetundikwa kwenye ukuta wa sebule, na kwa miezi saba nilikuwa naipita bila kuiangalia. Aliizima tochi kabla ya kujibu.

"Mnyororo niliutoa mimi. Siku ile daktari alipokuambia umepona. Niliuficha."

"Wapi?"

Aliinuka, akafungua kabati, akaingiza mkono kwenye mfuko wa suti yake ya harusi, akatoa kifurushi cha gazeti. Alikiweka juu ya kitanda, kati yetu, akakifungua. Niliwasha taa. Mnyororo ulikuwa mkavu kabisa. Ulikuwa na kutu nyembamba, na hata tone moja la mafuta halikuwapo. Gazeti nalo lilikuwa safi.

Tuliutazama mnyororo. Kisha tuliutazama mguu.

"Wenzako wanaondoka saa ngapi siku hizi?" Anyelwisye aliuliza.

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Basi nipe mafuta ya cherehani," alisema, akiwa tayari anaelekea sebuleni. "Huu hauwezi kupanda mlima hivi."