Taa Mpya za Morris ya Wilf

Enid Thackray alikuwa amemchoka mumewe, na hakuficha. Si kumchoka kwa kumwacha, la. Uzeeni huku amwache aende wapi? Alichokichoka ni wimbo wake mmoja tu: taa. Tangu vuli ianze, ikifika jioni giza likashuka kwenye vilima vya Yorkshire, Wilf anafunga banda la Morris yake kuukuu na kusema taa za gari lile hazimuliki hata pua yake lenyewe, haendi mtu popote.

Sasa bendi ya matarumbeta anayopigia Enid hufanya mazoezi jioni, tena kijiji cha pili, ng'ambo ya mlima, na basi la mwisho hupita mchana. Kiongozi wa bendi alishampigia Enid simu kumwambia, kwa adabu zote, kwamba akikosa na Alhamisi hii, nafasi yake katika nyimbo za Krismasi atapewa mwingine. Enid alikata simu, akalia kidogo jikoni, kisha akapandwa na hasira, na hasira ikamfaa zaidi.

Utauliza, si angeendesha mwenyewe? Leseni anayo, na alisambaza mikate kwa gari la bekari mpaka akastaafu. Ehe, lakini usukani wa Morris ile haukuwahi kushikwa na mtu mwingine tangu Wilf ainunue ujanani. Wanaume wa huko na magari yao ya kale, usiombe. Wake zao wanaruhusiwa kupangusa vumbi.

Basi Enid akaamua kumnyang'anya kisingizio. Akaagiza balbu za kisasa, zile za mwanga mweupe, akavaa ovaroli, akaingia bandani Jumatano. Akafungua vioo vya taa, akatoa balbu za zamani, akapachika mpya, akawasha. Wapi! Akatikisa nyaya, akawasha tena. Giza tupu. Wilf, aliyesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akasema gari lile lina akili zake, halitaki mambo ya kisasa. Alisema kwa furaha iliyozidi kiasi, na Enid akaliona hilo.

Akampigia Alwyn, fundi wa chama chao cha magari ya kale. Alwyn akacheka mpaka akakohoa. Magari ya zama zile, akamweleza, upande chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi, kinyume na ya siku hizi, na balbu alizonunua ni za magari ya siku hizi. Kosa hilo kila mwanachama amewahi kulifanya, ila hakuna anayelikiri. Kesho yake Alwyn akaleta zinazofaa.

Alhamisi, giza likiwa limeshaingia, Enid akawasha. Loo, ua mzima ukawa mweupe, hadi ungeweza kuhesabu nyufa za ukuta wa mawe wa jirani.

"Haya, mzee," akasema kutoka kiti cha abiria, tarumbeta mapajani. "Taa ndizo hizo. Twende."

Wilf akaketi, akashika usukani, akakaza macho mbele bila kuwasha injini.

"Tuwangoje kwanza wale kondoo wapite."

"Kondoo gani?"

"Si wale wawili, pale getini."

Enid akatazama. "Wilf, yale ni mapipa ya takataka ya jirani."

Hakuna aliyecheka. Kisha Wilf akasema polepole, bila kumtazama, kwamba tangu vuli kila taa humtawanyikia machoni kama unga uliomwagika, na kwa daktari hakwenda kwa kuhofia kunyang'anywa leseni. Enid alimwonea huruma. Alitamani pia kumpiga kwa tarumbeta, kwa jinsi alivyozisingizia balbu zisizo na kosa.

"Si ungeniambia tu, mjinga wewe," akasema, akamshika mkono.

Wilf akashuka. Akazunguka mbele ya gari, ndani ya ule mwanga mpya, akamfungulia mkewe mlango. "Nenda kakae kule," akasema. "Utachelewa."

Njia nzima mlimani Wilf alishikilia mlango, akitoa amri kila kona, na Enid hakutii hata moja. Walipofika, bendi ilikuwa bado inajaribu vyombo. Wilf hakushuka mara moja.

"Kesho nipeleke kwa daktari wa macho," akasema. "Uendeshe wewe. Lakini gia ya pili usiivute vile, unaiumiza."

Enid akamwahidi, akamshika mkono ukumbini asijikwae, akaenda kukaa kwenye kiti chake.