Sikio la Fikirini

Mwaka ule ulikuwa wa tatu wa kwenda kumwandikisha mjukuu wangu Fikirini darasa la kwanza. Kwetu Mbwera mtoto asiye na cheti hupimwa kwa mkono: aupitishe juu ya kichwa, akigusa sikio la upande wa pili, huyo amekua. Fikirini alizaliwa na mikono inayoishia kwenye viwiko. Mwalimu wa zamani akaniambia, "Bado mdogo, bibi, mlete mwakani." Nikamleta mwakani. Mikono ilikuwa pale pale, meno ya utoto ndiyo yaliyokwisha.

Safari hii nikamkuta mwalimu mgeni, Zebedayo, kijana wa Kinyamwezi, yaani mtani wangu. Akamtazama mtoto, akatazama daftari.

"Bibi, asipoandikwa leo, basi tena. Mwakani atakuwa kapita umri."

"Mwaka jana mdogo, mwakani mkubwa! Huo umri wa shule aliupita lini, mtani? Tukiwa tumelala?"

"Amri ni sikio liguswe, bibi."

"Liguswe tu?" akauliza Fikirini.

"Liguswe tu."

Mtoto akaketi mchangani, akanyanyua mguu wa kulia, akaupitisha nyuma ya kichwa, akajikuna sikio la kushoto kwa kidole gumba. Taratibu, kama anayewashwa kweli! Jirani yangu Mwanaharusi akapiga kigelegele. Watoto wote waliokuwa kwenye foleni wakaketi kumwiga, wakabiringika mmoja mmoja kama madafu.

"Huo mguu!" akasema mwalimu, midomo ikimcheza.

"Ndiyo, na mguu ni mrefu kuliko mkono. Basi kawazidi wote. Au wewe unaweza? Ukiweza, namrudisha mjukuu wangu nyumbani."

"Mimi?"

"Hawezi," akadakia Mwanaharusi. "Wanyamwezi wamebeba mizigo mpaka viuno vimekauka."

Hapo nikaogopa, maana kijana alivua viatu. Akaketi, akaukamata mguu kwa mikono miwili, akauvuta. Ukafika kidevuni. Akavuta tena, suruali ikasema chraaa, mwalimu akaenda chali, miguu juu, akabaki palepale anacheka mpaka machozi.

"Nimeshindwa, mtani! Leteni daftari!"

Akaandika kwa mkono mmoja, wa pili umeshikilia suruali nyuma. "Jina la mwanafunzi?"

Nikataka kujibu, cheko likanikaba. Fikirini akajitajia mwenyewe: jina lake, la baba, la babu, la babu wa babu, mpaka mwalimu akaishiwa mstari.