Darasa Lililomngoja Mama Emérita

Mwalimu Eugène alirudi kutoka mafunzo ya kusaidia watoto walioona vita akiwa na kalamu za rangi na uso wa padri. Uso huo aliufanyia mazoezi njia nzima: kichwa upande kidogo, macho ya huruma. Darasa lake la sita, hapa kijijini Mpofi, lilijaa watoto waliokimbia kutoka milima ya Masisi, na mmoja wao alikuwa anamnyima usingizi.

Aliitwa Nyiransengimana, Nyira kwa wenye haraka. Hesabu alizijua vizuri. Lakini kila pikipiki iliposikika kutoka upande wa Masisi, alitupa kalamu na kukimbia barabarani, kutazama kama aliyebebwa nyuma ni mama yake. Direkta wa shule alikwisha kusema: akitoka tena katikati ya somo, mwaka wake umeisha, akamenye mihogo kwa shangazi yake.

"Choreni kwenu," Mwalimu akasema asubuhi hiyo, akagawa kalamu.

Kwenye mafunzo walimwonya kwamba watoto watachora mambo mabaya, asishtuke. Alipofika kwa Nyira, akashtuka. Karatasi nzima ilikuwa vitu vya mviringo, bapa, vya manjano, vimepangwa safu kwa safu. Mabomu ya kutegwa! Akavaa uso wa padri, akachuchumaa.

"Binti yangu, hivi vitu... vilikuwa ndani ya udongo?"

"Hapana, Mwalimu. Viko juu ya mbao."

"Na kuna mutu alivikanyaga?"

Nyira alimtazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyevaa viatu. "Nani atakanyaga fromaji, Mwalimu?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mabomu yalikuwa jibini! Watoto wa Masisi ndio waliocheka zaidi. Hata wale ambao tangu wafike hakuna aliyejua sauti zao walikuwa wanapiga benchi. "Fromaji ilitaka kumulipukia Mwalimu!" Uso wa padri ukaanguka palepale, na hakuna aliyeuokota.

"Basi munifundishe," akasema, akakaa kwenye benchi. "Siye watu wa majani ya sombe na mawese tutajulia wapi?"

Nyira akafundisha. Mama yake, Emérita, anatengeneza fromaji kule Muheto, milimani Masisi. Kila asubuhi anazigeuza na kuzipaka chumvi, maana isiyogeuzwa inaoza upande mmoja. Nyumba yote inanukia maziwa, na nje iko baridi mpaka unaona pumzi yako, si kama hapa unapotoka jasho umekaa tu. Siku risasi zilipolia, yeye na mama walikuwa wamekwisha kushika njia na majirani.

"Mama akasema, mutangulie, nafungua ndama, nakuja." Akapitisha kidole kwenye duara moja la manjano. "Zile fromaji, sijui nani anazigeuza."

Mwalimu akamsogezea kalamu ya manjano. Akabaki amekaa karibu naye.

Aliyedakia ni Kaswera, binti wa mwenye duka kutoka Butembo, mwenye ulimi usiojua likizo. "Nyira, weye ukitoka Direkta anakufukuza. Miye nikitoka, Mwalimu atasema amenituma chaki. Si njo vile, Mwalimu? Sasa mama yako iko namna gani? Nitamujua je?"

"Iko murefu."

"Warefu wako wengi, dada. Sema vizuri."

Nyira akafumba macho. Ana pengo mbele. Viganja vimepasuka kwa chumvi. Akikushika shavu vinakwaruza, na hutaki avitoe. Akishuka kwenye pikipiki atamgombeza dereva kwanza, hata kama hana kosa. Wengine nao wakauliza: anatembeaje? Anaimba? Anacheka kwa nguvu ao polepole? Mpaka darasa zima likamjua mama huyo kana kwamba amewahi kuwachapa wote.

Hapo pikipiki ikanguruma kwenye mteremko.

Nyira akasimama. Mwalimu hakumshika. Akamtazama Kaswera tu, lakini Kaswera alikwisha kufika mlangoni. Shingo zote ziligeuka. Nyira alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

Kaswera akarudi taratibu. "Hapana. Huyu amemushukuru dereva."

Nyira akakaa. Machozi yalidondoka kwenye karatasi, lakini alikaa.

"Ile ingine nitaenda miye," Habineza, mwanafunzi wa benchi la nyuma, akasema.

"Weye huoni mbali! Niende miye!" mwingine akadakia.

Wakagombania zamu mpaka Mwalimu akawanyamazisha.

Jioni, akirudi nyumbani, alimkuta mama mmoja akishusha gunia la viazi kutoka kwenye pikipiki. Bila kujua, akasimama kumtazama mikono.

"Papa, unatafuta nini kwangu?"

"Munisamehe, mama. Mumetoka Muheto?"

"Rubaya. Muheto hatukupita."

Mama akajitwika mzigo, akaenda. Mwalimu Eugène, ambaye fromaji hajawahi hata kuinusa, aliendelea kuitazama barabara inayopanda kwenda Masisi, amemkumbuka mama wa Nyira, asiyemjua.