Bilingani Lisilorudi Nyuma

Mkono wa kushoto wa Bi Mastura uligoma. Kiharusi kilipompitia, mguu ulirudi, ulimi ulirudi (na wapo jirani ambao ulimi ungechelewa kidogo wasingelalamika), lakini mkono ulibaki ukining'inia ubavuni kama mkono wa kanzu iliyoanikwa.

Mwanawe Harub, ambaye kazi yake iko wizarani na wasiwasi wake uko kila mahali, alikwisha kupaka rangi chumba katika fleti yake ya Al Khuwair. Ghorofa ya saba, dirisha linatazama barabara kuu.

"Mama, huku Mawaleh uko peke yako."

"Peke yangu vipi? Na Maureen huyu si mtu?"

Maureen, dada wa Kikenya aliyekuja kumwangalia tangu alipougua, akainua kichwa kutoka kwenye vitunguu. "Mimi niko, boss."

"Ghorofa ya saba!" Bi Mastura akasema. "Wallahi nkifa huko mtanishusha kwenye lifti nimesimama?"

Harub akacheka bila kutaka, kisha akakikasirikia kicheko chake mwenyewe. "Khalas, Mama. Siku utakayonimiminia kahawa kwa mkono wako, dele kushoto, finjani kulia, kama ada, sitataja tena habari ya kuhama. Lakini mwezi wa Ramadhani ukiandama kabla ya hapo, utafungia kwangu."

Alisema kama mtu asemaye siku kuku akiota meno. Alijua kwamba hakuna njia ya mkato. Dele, yaani birika la kahawa, ukilishika kwa mkono wa kulia, finjani utampa mgeni kwa wa kushoto, na hapo bora umrushie kiatu, ajue moja.

Hospitali walimpa mpira wa kufinya. Aliufinya siku mbili, akachoka nao, akampa paka. Harub akipiga simu kuuliza, anajibiwa, "Nnaufinya mpaka unalia."

Basi asubuhi moja Maureen akaingia uvunguni kutafuta kandambili, akatoka na sanduku la vumbi. Ndani mlikuwa na mashine ya michezo ya televisheni aliyoileta marehemu mume wa Bi Mastura, Mzee Safwan, kutoka Japani, alikopelekwa kusomea mitambo ya umeme. Alikwenda safari tatu, na kila safari akarudi na kaseti: ya kwanza, kisha wadogo zake wawili. Maandishi yote ya Kijapani, hakuna aliyejua kuyasoma. Nyumba nzima ikauita mchezo ule Bilingani, kwa kuwa ndilo waliloliona.

Bilingani lenyewe lina mbawa za nzi na kilemba kichwani. Linaruka kutoka kushoto kwenda kulia, likitema mbegu zake kama risasi. Maadui ni paka wenye miavuli, samaki waliovaa soksi, na mwezi unaopiga chafya. Mwisho wa hatua linakaa jitu, nalo ni meno makubwa yanayoimba. Mzee Safwan aliyaita Mjomba Thabit, kwa ajili ya meno ya bandia ya mjomba mwenyewe, na kila mjomba alipokuja kula, Harub mdogo alitolewa chumbani kwa kicheko. Kwenye kaseti ya pili Bilingani limeoa tango, nalo tango linaruka nyuma yake likilalamika. Kwenye ya tatu inasemekana wamezaa. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyefika huko akaona.

Na kubwa la mchezo ni hili: kioo kinasonga chenyewe. Bilingani halisimami wala halirudi nyuma.

Maureen akaiunganisha mashine kwenye televisheni ya chogo iliyokuwa stoo. Ikawaka! Pedi ya kuchezea ina kitufe cha msalaba upande wa kushoto, cha kuongozea, na upande wa kulia vitufe vya kupigia.

"Msalaba huo wa kwenu," Bi Mastura akasema. "Endesha wewe. Mimi nipe bunduki."

Maureen alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, utanimaliza!"

Ikawa pedi moja, watu wawili, na kelele za watu kumi.

"Panda! Panda, we mwana! Paka huyo humuoni?"

"Namuona, Mama, lakini hii kitu inateleza!"

"Kwenu Nairobi mnaendesha hivi?"

"Kwetu ni mbaya zaidi."

Alasiri moja walifika kwa Mjomba Thabit wamebakiwa na roho moja. Mara harufu ya maharage yanayoungua ikaingia. Maureen akaruka. "Mama, ngoja nizime gesi!"

Lakini Bilingani halimngojei mtu. Meno yakaanza wimbo wao, yakafunuka. Bi Mastura akaiweka pedi mapajani, akaupachika mkono wa kushoto juu yake kama mtu apachikaye tambara, akaukaripia kama punda mvivu. "Songa! Thabit hanili mimi!"

Kidole gumba kikasogea. Kidogo tu, kama mdudu chungu anapogeuka. Bilingani likapanda kimo cha ukucha, jino likapita chini yake. La pili likalitafuna.

Maureen aliporudi na sufuria nyeusi, alimkuta analia na kucheka. "Mama! Umepatwa na nini?"

"Nimekufa, mwanangu. Lakini nimekufa nkiendesha mwenyewe."

Tangu hapo Maureen akafutwa udereva. Kidole kikafuatwa na vidole, vidole vikafuatwa na kiganja. Mchana Bilingani, jioni dele: kwanza tupu, kisha maji kidogo, na mkeka ukanywa mengi. Siku nyingine mkono ulisusa kabisa, na Bi Mastura alilala amegeukia ukutani, hataki hata utani. Kesho yake alirudi. Mjomba Thabit alipong'olewa wakaingia kaseti ya pili, na kwa tango lile mkono ulifanya kazi maradufu. Harub akiuliza mkono vipi, mama anamjibu, "Upo papa hapa, haujenda pahala."

Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani Harub akaja na makatoni matupu.

"Kaa kwanza unywe kahawa," mama akasema.

Maureen akaleta dele na halwa, akasimama mlangoni na kitambaa mdomoni. Bi Mastura akashika finjani kwa kulia, akanyoosha mkono wa kushoto. Dele likainuka likitetemeka. Kahawa ya kwanza ikaenda kwenye sinia.

"Mama, umemwaga."

"Sinia nalo mgeni."

Kisha uzi mwembamba wa kahawa ukaingia ndani ya finjani, ukafunika kitako tu, na dele likashuka kwa kishindo. Harub akaitazama ile kahawa, akafungua mdomo.

"Nini?" mama akamuwahi. "Ulitaka nkujazie? Nani anayemjazia mgeni finjani, ila anayetaka aondoke?"

Kweli tupu. Harub akanywa. Kisha, badala ya kuitikisa finjani kuonyesha kwamba ametosheka, akainyoosha tena. Dele likapanda. Akanywa, akainyoosha mara ya tatu. Jasho likamtoka Bi Mastura juu ya mdomo, mishipa ikamsimama, lakini kahawa ikaingia, na safari hii sinia halikupata kitu.

"Tikisa, mwanangu," akasema taratibu. "Mkono huu ungali mchanga."

Harub akaitikisa finjani. Macho yake yalikuwa na maji, akasingizia iliki. "Umefanyaje, Mama?"

"Ni Bilingani," Maureen akaropoka.

"Lile letu? Mmemfikia Mjomba Thabit?"

"Tumemzika."

Harub akacheka kicheko kile kile alichokuwa akitolewa nacho chumbani. Halafu akainuka, akayakunja makatoni moja moja, akayapeleka garini. Bi Mastura alimtazama kutoka mlangoni, mkono wa kushoto umeshika mwimo, maana bado ulitetemeka, na hakutaka mtu adhani ni woga.